PSP inayokwama ikiwashwa: Menyu ya uokoaji na mipangilio yake

PSP iliyowekewa mfumo usio wa Sony inapokwama pindi tu iwashwapo, wengi hudhani imekufa. Mara nyingi kosa ni la mpangilio tu, na mwenyewe aliye Kitui, Mwingi au Wote aweza kulirekebisha bila intaneti wala nauli ya kumfuata fundi Nairobi.

Kwanza kifaa kizimwe kabisa: swichi isukumwe juu na kushikiliwa hadi taa ya kijani izimike. Kisha kitufe cha R, kilicho juu upande wa kulia, kishikiliwe huku kifaa kikiwashwa. Hapo hufunguka menyu ya uokoaji. Ndani yake mtu huamua kama nembo ya Sony irukwe, kasi ya kichakataji iwe ngapi (kikomo ni 333 MHz), na programu zipi za nyongeza ziruhusiwe.

Hizo za nyongeza ndizo chanzo cha matatizo mengi. Hukaa katika folda ya seplugins kwenye kadi ya kumbukumbu, na moja mbovu yatosha kuzuia kifaa kuwaka. Zizimwe zote, kisha zirudishwe moja moja. Jaribio jepesi zaidi ni kuitoa kadi: PSP ikiwaka bila kadi, kosa limo humo. (PSP Go ina hifadhi ya ndani, hivyo jaribio hilo halitoshi.)

Mifumo ya M33 ina chaguo jingine la kuanzisha programu yenyewe, kutoka faili ya EBOOT.PBP katika folda ya PSP/GAME/BOOT. Programu hiyo ikiwa mbovu, chaguo hilo lizimwe kwanza.

Kwa modeli ya 3000, mifumo mingi ya awali ilikuwa ya muda. Kifaa kikizimwe kabisa, hurudi kwenye mfumo wa Sony. Huko si kuharibika.

Hatari halisi huja wakati wa kuandika mfumo kwenye kumbukumbu ya ndani. Sony iliacha kuuza PSP mwaka wa 2014, hivyo betri nyingi za awali zimechoka, na nyingine zimefura. Anayetegemea chaja pekee, stima ikipotea katikati ya kazi, huenda menyu ya uokoaji nayo isifunguke tena. Betri nzuri iliyojaa itafutwe kabla ya kuanza.