Kiraka

Fundi cherehani ana kiraka, fundi baiskeli ana chake, na kurasa za michezo zina "mchezaji kiraka", anayepangwa popote penye pengo. Hospitalini kuna kiraka cha damu.

Ubongo huelea katika maji ya uti wa mgongo. Utando unaoyazuia ukitoboka, pengine kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, maji huvuja na presha ya ndani ya kichwa hushuka. Cha kumuuliza mgonjwa ni mkao: akisimama kichwa kinagonga, akilala kinatulia. August Bier, mpasuaji wa Kijerumani, aliyaonja maumivu hayo mwaka 1898 baada ya kujaribiwa sindano hiyo yeye mwenyewe.

Kupumzika na kunywa maji kusipotosha, daktari huchota damu ya mgonjwa mkononi, kama mililita 20, akaiingiza mgongoni, nje tu ya utando. Huko huganda na kuziba. James Gormley, Mmarekani aliyeieleza tiba hii mwaka 1960, alitumia mililita 2 au 3 tu.

Ukisema "bandiko la damu" utaeleweka, ila mimi siafiki. Bandiko hukaa hata juu ya ngozi nzima. Kiraka hudai tundu.