Sura Iliuza Jarida, Jina Likasahaulika

Kabla ya Insta kulikuwa na kava. Ukitaka kujulikana nchi nzima, sura yako ilibidi ikae mbele ya jarida, pale kwenye meza ya muuza magazeti. Na muuza magazeti hana muda wa kukuelezea kilichomo ndani. Picha ndiyo inaongea. Sekunde mbili tu: mtu anatoa hela, au anapita zake.

Jarida la Drum lilijifunza hilo kwa machungu. Lilianza 1951 Cape Town, Afrika Kusini, likiitwa The African Drum, limejaa mambo ya makabila na mila. Wasomaji weusi wa mjini wakalichunia. Wao walitaka jazi, ndondi, warembo waliotupia; walitaka kujiona wenyewe. Ofisi ikahamia Johannesburg, jina likafupishwa, wakaletwa wapigapicha wa uhakika, na kava zikabadilika: tabasamu, gauni la kisasa, macho yanayomtazama mnunuzi. Drum likapaa, mpaka Afrika Mashariki ikapata toleo lake.

Na kazi yenyewe haikuwa ya kubahatisha. Kamera kama Rolleiflex ilitoa picha 12 tu kwa filamu moja, kwa hiyo hakuna kufyatua hovyo. Fundi alipanga mwanga, akaacha nafasi juu ya kichwa kwa ajili ya jina la jarida, akasubiri uso utulie. Hapo ndipo hela ilipokuwa.

Sasa njoo Nangwa, wilayani Hanang. Huku chini ya Mlima Hanang, kina mama wa Kibarabaig wenye mavazi ya ngozi na shanga wamepigwa picha na wageni miaka nenda rudi. Picha kali kweli! Lakini chini yake mara nyingi limeandikwa kabila, jina hakuna. Sura imeuza safari za watalii, mwenye sura hajulikani. Ni kosa lilelile la The African Drum: mtu anaonyeshwa kama kitu cha kushangaa.

Mwaka 1999 likaja Femina, baadaye Fema, jarida la vijana wa Tanzania lililopelekwa mpaka shule za sekondari mikoani. Mbele likaweka vijana wa kawaida, wamepigwa picha kistaa. Mwanafunzi wa kijijini akaliona, akasema, kumbe hata mimi naweza kukaa pale.

Hiyo ndiyo thamani ya picha ya kava. Inauza, hilo halina ubishi, ila inauza zaidi pale anayeitazama anapojiona ndani yake. Leo dada wa Nangwa ana simu na kurasa zake mwenyewe, kava anajitengenezea. Akija mpigapicha na kamera kubwa, aulize mapema: picha inaenda wapi, malipo yakoje, na jina langu litaandikwa?

Wadau, wewe ungekubali sura yako iuze bila jina lako?