Kikapu cha Udongo

Nilipomaliza dozi ya miezi sita ya kifua kikuu, makohozi yalipimwa yakaonekana safi, nikaambiwa nimepona. Basi nikashika ndoo ya maji toka bombani. Kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimekaa chini mara mbili, nahema kama jogoo aliyekimbizwa. Shangazi akaninyang'anya ndoo.

"We mtoto, lala! Mtu wa kifua hachezi na kazi."

Akanitandikia mkeka chini ya mwembe. Siku mbili baadaye nesi wa zahanati ananiambia: tembea. Nimsikilize nani? Nikaanza kusoma, nikakuta ugomvi wao una umri zaidi ya miaka mia.

Shangazi ana wazee wake. Mwaka 1876, kule Falkenstein, Ujerumani, daktari Peter Dettweiler alifungua sanatoria, yaani hospitali ya mapumziko kwa watu wa kifua. Wagonjwa walilazwa barazani kwenye viti virefu, wamefunikwa mablanketi, saa nyingi kila siku. Dawa haikuwepo, hata kijidudu chenyewe Robert Koch alikuja kukitangaza mwaka 1882. Mtindo wa sanatoria ukaenea hadi kwetu: Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926. Babu, baba yake shangazi, aliwahi kulazwa huko. Alirudi na neno hilo la "lala", akatuachia.

Lakini nesi naye ana wake. Mwaka 1905 Mwingereza Marcus Paterson alikabidhiwa sanatoria ya Frimley. Wagonjwa wake walikuwa watu wanaoishi kwa nguvu za mikono, na Paterson aliona kwamba ukimlaza mtu hivyo kwa miezi halafu ukamrudisha kazini, atadondoka. Akawapangia ngazi. Kwanza kutembea, umbali ukiongezwa. Halafu kubeba kikapu chepesi cha udongo, kisha kizito zaidi. Halafu koleo dogo, koleo kubwa, mwisho sururu. Joto la mwili likipanda, unarudi kitandani. Sitaapa kwamba ilikuwa huruma tupu, maana viwanja vya sanatoria vilitunzwa kwa jasho hilohilo! Na nadharia yake, kwamba kazi hutikisa sumu ya ugonjwa iingie damuni iwe kama chanjo, haikudumu. Kikapu ndicho kilichoniganda kichwani.

Kitanda kilikuja kushindwa na dawa. Mwaka 1956, mjini Madras, India (leo Chennai), wagonjwa waligawanywa: hawa sanatoria, kwa mlo mzuri na mapumziko, wale majumbani kwao katika umaskini uleule. Dawa zilezile, mwaka mzima. Matokeo yalitangazwa mwaka 1959: wa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa.

Sawa, ila dawa huua vijidudu, haifuti makovu. Hapo ndipo nilipokuwa mie. Nesi hakunidanganya: sehemu ya pafu iliyokwisha kuharibika hairudi. Kinachorudi ni miguu. Msuli uliolala miezi hutumia hewa vibaya. Ukizoezwa, hewa ileile kidogo inakufikisha mbali zaidi. Kumbe Dettweiler na Paterson wote walikuwa wakikodolea macho kifua!

Akanipa masharti. Njia tambarare kwanza, dakika tano, asubuhi na jioni. Mwendo wa kuhema kiasi, lakini maneno bado yanatoka. Pumzi ivutwe kwa pua, itolewe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unapuliza uji wa moto. Nikikohoa damu, nisimame, niende hospitali.

Wiki ya kwanza nilifika kwenye duka la kona, nikaona haya kukaa kwenye ngazi zake. Wiki ya nne nililipita. Wiki ya tisa nikabeba ndoo, nusu tu. Shangazi hakusema neno. Alinifuata nyuma hatua kwa hatua, mkeka kwapani.