Chaza na Rangi ya Vyombo

Msomaji, ukishuka pwani ya Gazi, baina ya Diani na Msambweni, wakati maji yamekupwa, utawaona chaza wameganda juu ya mizizi ya mikoko. Hao ni wakubwa, na magamba yao ni magumu kama jiwe. Lakini kila mmoja alianza maisha yake akiwa kiluwiluwi mdogo mno, akielea majini muda wa majuma mawili au matatu hata apate mahali pa kujishika. Katika siku hizo sumu kidogo tu humwangamiza.

Tangu zamani mabaharia wetu walipaka vyombo vyao deheni, yaani chokaa na shahamu, ili kuzihifadhi mbao. Katika miaka ya 1960 ikaenea ng'ambo rangi mpya yenye sumu ya bati, iitwayo tributilitini. Chombo kilichopakwa rangi hiyo hakikuota kitu chini yake, na wenye vyombo wakaipenda sana.

Sasa tutazame Arcachon, ghuba ya Ufaransa yenye mashua nyingi za starehe na mashamba ya chaza. Tangu 1977 hata 1981 chaza wakubwa waliendelea kutaga mayai, lakini viluwiluwi walikufa kabla ya kujishika, na wafugaji wakapata hasara kubwa. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba chanzo ni rangi ya mashua. Hata gramu moja katika lita milioni moja za maji ilikuwa nyingi mno kwa viluwiluwi. Mwaka 1982 Ufaransa ikaikataza rangi hiyo kwa mashua zisizofika mita 25, na chaza wachanga wakaonekana tena. Mkataba wa mataifa wa kuipiga marufuku ulikubaliwa mwaka 2001, ukaanza kutumika 2008.

Habari hii yatuhusu, kwa maana meli za mataifa mengi huingia Kilindini, wala Gazi si mbali na hapo. Chaza mkubwa hutueleza hali ya bahari ya miaka iliyopita. Mchanga ndiye aelezaye ya leo. Basi, ukitaka kujua kama pwani yako ni nzima, usihesabu magamba makubwa peke yake. Inama, utafute yale madogo kama ukucha, yaliyoshika mizizi mwaka huu.