Toka Baharini Hadi Angani: Asili ya Baadhi ya Maneno Yetu ya Urubani

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, hapa Bujumbura, alisoma katika kitabu chake kwamba ndege alijenga kiota juu ya mwembe. Akainua mkono, akauliza ni rubani gani huyo aliyepatwa na wazimu hata akaitua ndege yake mtini. Darasa zima lilicheka, lakini sisi walimu hatukuwa na haki ya kucheka. Katika Kirundi, kama katika Kinyarwanda, kiumbe mwenye manyoya huitwa inyoni, na indege ni ile ya chuma peke yake. Mtoto yule hakukosa akili. Alikosa historia ya neno, na historia hiyo ilikuwa juu yetu kumpa.

Katika makala haya tumekusudia kueleza, kwa kadiri nafasi inavyoruhusu, jinsi Kiswahili kilivyojipatia maneno ya usafiri wa anga. Tunafanya hivyo kwa sababu tungali tunawasikia watu, na baadhi yao ni wasomi, wakidai kwamba lugha hii haina msamiati wa mambo ya kisayansi ila ule iliouomba kwa Wazungu. Dai hilo lafaa kujibiwa kwa mifano, si kwa hasira.

Na tuanze na neno ndege lenyewe. Waswahili walipokiona chombo chenye mabawa na mkia kikipita juu ya vichwa vyao, walikipa jina la kiumbe waliyemjua. Neno eropleni nalo lilitumika, lakini halikupata nguvu ya kulishinda lile la wenyeji. Hata hivyo wasemaji hawakuchanganya mambo mawili. Walimwachia kiumbe upatanisho wa viumbe wenye uhai, wakaipa mashine upatanisho wa vitu: ndege wangu ameruka, ndege yangu imeruka, ndege wameruka, ndege zimeruka. Jina ni moja, na sarufi ndiyo inayolinda maana. Mwalimu anayefundisha neno hili bila upatanisho wake amefundisha nusu ya neno.

Majirani nao walifuata njia mbalimbali. Warundi na Wanyarwanda walilipokea jina lilipokwisha kupata maana mpya, wakaiacha ile ya zamani. Ndiyo maana uwanja wa ndege kwetu ni ikibuga c'indege. Waganda hawakukopa jina, bali walikopa wazo, au pengine walilifikia wenyewe: ennyonyi kwao ni kiumbe na pia ni mashine. Katika Kiswahili cha Kongo utasikia ndeke, kwa maana zote mbili. Kwa hiyo mwalimu wa Kampala, wa Lubumbashi na wa Bujumbura hawana tatizo moja darasani, ingawa wanafundisha neno moja.

Yafaa pia kukumbuka namna ndege hizo zilivyotufikia. Mwezi wa Novemba 1914 ndege ya kuelea majini iliruka kutoka kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, ili kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Manowari hiyo iliangamizwa tarehe 11 Julai, 1915, ndege zikiielekeza mizinga ya Waingereza. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege nne za majini kwenye Ziwa Tanganyika, nazo zikadondosha mabomu Kigoma. Katika wakati wa amani, mwaka 1931, shirika la Imperial Airways lilianza safari za kutoka London hadi Mwanza, na kuanzia mwaka 1937 ndege zake kubwa za majini zilitua Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam zikielekea Durban. Watu wengi wa pwani na wa maziwa, basi, waliiona ndege ikitua majini kama jahazi kabla ya kuiona ikitua nchi kavu.

Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya mambo tutakayoyataja. Twasema tu kwamba chombo kipya kilipofika, hazina ya maneno ya bahari ilikuwa tayari. Neno rubani ni la Kiarabu, nalo kwa karne nyingi lilimhusu mjuzi wa njia za bahari, yule aliyeongoza vyombo kupita miamba na kuingia bandarini. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, alipewa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Leo mwanafunzi akisikia rubani, humfikiria mtu aliyeketi mbele ya ndege, wala hajui kwamba cheo hicho kilikuwako kabla ya injini yoyote.

Ndivyo ilivyo kwa abiria, ambaye alipanda chombo cha tanga kabla ya kupanda ndege. Ndivyo ilivyo kwa dira, na kwa usukani. Kitenzi kutua kilikuwa cha mpagazi anayeshusha mzigo, cha mwewe anayeshukia tawi, na cha baharia anayeteremsha tanga. Sasa ni cha ndege ya tani mia mbili. Na neno chombo, ambalo mabaharia walilitumia kwa jahazi, limepanda mpaka katika chombo cha anga, chenye kufika mwezini. Mataifa mengine nayo yalifanya vivyo hivyo. Jina ambalo Wamarekani humwita msafiri wa anga limeundwa kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya baharia wa nyota, na Warusi humwita baharia wa ulimwengu. Hakuna aliyewacheka kwa kukopa baharini.

Sisi tumesema mwanaanga, kwa mfano wa mwanamaji. Neno hili lastahili kuangaliwa kwa makini, kwa maana Kiswahili kinatofautisha hewa, upepo na anga. Hewa ndiyo tunayoivuta; upepo ni hewa iendayo; anga ni ule uwazi ulio juu yetu. Huko Kenya jeshi la ndege limeitwa Jeshi la Wanahewa, na jina hilo ni sahihi, kwa kuwa ndege hubebwa na hewa. Lakini Yuri Gagarin, aliyeizunguka dunia tarehe 12 Aprili, 1961, na Neil Armstrong, aliyekanyaga mwezi tarehe 20 Julai, 1969, walikwenda pasipo na hewa. Huko mwanahewa hana kazi, bali mwanaanga anayo. Mwalimu wa sayansi akiyatumia maneno haya mawili kwa usahihi, amekwisha kufundisha nusu ya somo lake.

Kuhusu vyombo vya anga, Kiswahili hakikuwa mtazamaji wa mbali. Katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitalia walijenga jukwaa la San Marco, na kutoka hapo setilaiti zilirushwa kati ya mwaka 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo. Wenyewe wakaiita Uhuru. Orodha yake ya vyanzo 339 vya mionzi ingali ikitajwa na wanafalaki, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Lakini natujiulize: tulitoa jina la setilaiti, je, tulitoa jina la sehemu yoyote iliyokuwa ndani yake?

Mfano wa pili ni wa upande wetu wa magharibi. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi tatu kutoka Shaba, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Kampuni ilisema kwamba hizo ni roketi za kubebea setilaiti. Wapinzani wake walishuku kwamba ni makombora. Ubishi ulikua, na mwaka 1979 Zaire ikaifukuza kampuni hiyo. Hapa twaona kwamba kutofautisha maneno si mchezo wa walimu. Roketi ni chombo cha kusukuma na kubeba. Kombora, jina la zamani la tufe la mzinga, ni silaha. Mwandishi wa habari anayeyachanganya anaweza kuwatia hofu watu wasio na sababu ya kuogopa, au kuwatuliza wale wanaopaswa kuhoji.

Ila nasi tukiri upungufu wetu. Ile njia ambayo setilaiti huifuata kuizunguka dunia, mmoja huiita obiti, mwingine mzingo, wa tatu njia ya mzunguko, na mwanafunzi hudhani ametajiwa vitu vitatu. Wala hatuoni aibu ya kukopa. Injini, rada, helikopta na roketi ni maneno yetu sasa, kama vile rubani na abiria walivyokuwa wageni wakawa wenyeji. Aibu ni kukopa kabla ya kutazama ghalani.

Twawasihi basi walimu wenzetu: mnapofundisha neno la urubani, mfundisheni mwanafunzi na mahali lilikotoka, na jirani yake analisemaje. Kenya iliporushiwa setilaiti yake Taifa-1, tarehe 15 Aprili, 2023, jina lilikuwa la Kiswahili kwa mara nyingine. Ni juu yetu kuwalea vijana watakaoweza kueleza kwa Kiswahili, si jina lake tu, bali namna inavyofanya kazi. Yule mwanafunzi wetu wa mwembe amekwisha kujua ndege yupi hujenga kiota, na ndege ipi huhitaji kiwanja. Kazi iliyobaki ni ya kwetu.