Ukimya wa Ngome: tafakuri na gereza mjini Johannesburg



Kijana mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Tanga aliyekuja huku Joburg kutafuta maisha, alinijia nyumbani na swali. Tangu duka lake livunjwe na kuporwa yeye akiwamo ndani, usingizi umemkimbia. Rafiki yake kamshauri aende kambi ya tafakuri: siku kumi za ukimya, hakuna simu, hakuna kuzungumza. "Mwalimu," akaniuliza, "hii ni dawa au ni biashara ya wazungu?" Nikamwambia nipe siku mbili tatu. Mimi si tabibu, ni mtu wa historia, basi nikaanza na ninachokijua.

Kwanza neno lenyewe. Wengine husema taamuli, vijana wanasema meditesheni. Mimi nitasema tafakuri, manake inaeleweka Pwani na Bara.

Aliyeacha maandishi mengi juu ya jambo hili katika mji huu ni Mohandas Gandhi. Huyu bwana alipita kwetu kwanza. Mwaka 1893, safarini kwenda Durban, meli yake ilitia nanga Lamu (nusura imwache pale), halafu Mombasa, na Unguja akakaa siku nane au kumi akingoja meli nyingine. Mwaka 1903 akahamia Johannesburg na kufungua ofisi ya uwakili mtaa wa Rissik. Mtu angedhani alikuja na tafakuri yake kutoka India. Kumbe kwa sehemu kubwa aliisomea hapa hapa, tena pamoja na wazungu! Walikuwa Wateosofi, watu waliopenda hekima za Mashariki. Wakaunda kikundi cha kusoma, wakapitia kitabu cha Vivekananda juu ya Raja Yoga, Patanjali, na Bhagavad Gita.

Ameeleza mwenyewe alivyoihifadhi Gita. Asubuhi alikuwa na dakika 35 za kujisafisha: 15 za mswaki na 20 za kuoga. Alibandika vikaratasi vyenye beti ukutani, akawa anazisoma huku anaswaki, akafika sura 13 kichwani. Sisi tuliochapwa bakora chuoni kwa ajili ya Juzuu Amma tunaelewa faida yake: ulichokihifadhi huwezi kunyang'anywa mlangoni pa gereza.

Na gereza lilikuja. Januari 1908 alihukumiwa miezi miwili katika mahakama ileile alimozoea kusimama kama wakili. Baadaye akaungama kwamba alipoachwa peke yake kwenye benchi, roho ilimwenda mbio: nyumba yangu, kazi yangu, hii miezi miwili itakwisha vipi? Kisha akajionea haya. Napenda sana ungamo hilo, maana watu wengi hudhani kukaa kimya huleta utulivu papo hapo, kumbe kinachokuja mwanzo mara nyingi ni hofu.

Mara ya pili ilikuwa Oktoba 1908. Alikuwa mfungwa wa Volksrust, akaletwa Johannesburg na kulazwa Ngomeni kwenye chumba cha wafungwa waliomtisha. Aliandika kwamba alifungua Gita, akachagua beti zilizogusa hali yake, akazitafakari mpaka moyo ukatulia. Haki isemwe hapa: aliyoyaandika siku zile kuhusu wafungwa Waafrika ni aibu, na hayasafishwi na tafakuri yoyote. Mtu anaweza kutuliza pumzi yake na bado asimwone jirani yake.

Ngome hiyo iko juu ya kilima, leo inaitwa Constitution Hill, na Mahakama ya Katiba ilifungua jengo lake hapo mwaka 2004. Nikipita huikumbuka Ngome Kongwe ya Unguja, ambayo nayo iliwahi kuwa jela. Nelson Mandela pia alishikiliwa hapo, mwaka 1956 na tena 1962. Winnie aliwekwa hapo mwaka 1958, mja mzito, baada ya maandamano ya wanawake kupinga pasi, akahudumiwa na Albertina Sisulu ambaye alikuwa muuguzi.

Sasa tufike kwenye barua. Tarehe 1 Februari 1975, Mandela akiwa Robben Island alimwandikia Winnie aliyekuwa amefungwa Kroonstad. Alimwambia kwamba chumba cha gereza ni mahali pazuri pa kujijua, na kwamba kutafakari kila siku kama dakika 15 kabla ya kulala huzaa matunda. Mwanzo kutakuwa kugumu, usikate tamaa. Barua hiyo hunukuliwa kila mahali, hata kwenye vikombe vya chai.

Lakini wanaoinukuu husahau ilimfikia nani. Winnie alikuwa ameshakaa kizuizini siku 491, kuanzia Mei 1969 hadi Septemba 1970, sehemu kubwa ya muda huo peke yake katika jela ya Pretoria. Yaani kwake ukimya ulikuwa umeshatumika kama silaha. Je, unamwambiaje mtu huyo akae kimya? Nimeisoma barua ile mara nyingi, na naona jibu limo katika kipimo chake. Dakika 15 tu, saa anayoichagua mwenyewe, na anaweza kuacha akitaka. Kule Pretoria hakuchagua na wala asingeweza kuacha.

Madaktari wamekuja na lao. Mwaka huohuo wa 1975, Herbert Benson wa Harvard alichapisha kitabu chake juu ya namna mwili unavyotulia mtu akirudiarudia neno moja: pumzi hupungua kasi na moyo pia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn akaanzisha mafunzo ya kutafakari katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts. Mapitio makubwa ya mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio 47, yalikuta nafuu ya wastani kwa wasiwasi, huzuni na maumivu, lakini hayakukuta kwamba tafakuri inashinda dawa au mazoezi. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2017 kilisema huenda inausaidia moyo, ila isichukue nafasi ya matibabu. Kwa hiyo mwenye presha asiache vidonge vyake ati kwa sababu amejifunza kupumua!

Na madhara yapo. Mapitio ya mwaka 2020 yalikadiria kuwa watu kama 8 kwa kila 100 hupata taabu fulani, hasa wasiwasi na huzuni. Wengine hukosa usingizi, wengine hurudiwa na yale yaliyowatisha.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa tarika, Qadiriyya na Shadhiliyya, hawakumwachia kijana uradi mzito bila ijaza na bila sheikh wa kumwangalia. Utotoni nilisikia wakionya kwamba anayejipachika uradi bila ruhusa atapanda wazimu, nikadhani ni vitisho vya kulinda heshima zao. Siku hizi nadhani walikuwa wameona watu wakiumia. Na zikiri kwetu ni ya halaka, bega kwa bega, ukiyumba mwenzio anakushika.

Basi yule kijana nilimwambia asiende kambi ya siku kumi, si kwa sasa. Aonane kwanza na daktari, amweleze usiku wake ulivyo. Akitaka kutafakari, aanze na dakika tano mchana, macho wazi, miguu sakafuni, na mlango ambao anajua anaweza kuufungua. Picha za duka zikija, ainuke, atembee, ampigie mtu simu. Akaniuliza kama anaweza kuleta uradi alioachiwa na babu yake. Nikamwambia aulete, tutausoma pamoja baada ya Isha, sauti ya chini. Alhamisi iliyopita alikuja na mwenzake.