Moyo Mwema na Mkono Uliofundishwa



Taarifa ya mwaka huhesabu fedha zilizochangwa na mahali zilipotumika. Katika ukurasa huu twaomba ruhusa kunena juu ya jambo lisilopimika kwa shilingi, nalo ni kumfundisha Mkristo ajitoleaye kumtunza mwenye shida. Wengi hudhani kazi hiyo haihitaji mafunzo, maadamu mtu ana moyo mwema. Historia yatuonyesha vingine.

Kanisa la kwanza la Yerusalemu lilikuwa na upendo mwingi. Hata hivyo twasoma katika Matendo ya Mitume, mlango wa 6, ya kwamba wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, bali waliagiza wachaguliwe watu saba, Stefano akiwa mmoja wao, wawekwe juu ya kazi hiyo. Upendo ulikuwapo, uliokosekana ni utaratibu, na walioumia ni wajane.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1822, kijana Theodor Fliedner alifika kuwa mchungaji wa kanisa dogo la Kaiserswerth, kando ya mto Rhine, Ujerumani. Mara kiwanda cha kufuma nguo kilichowapa watu wake riziki kikafilisika. Alisafiri mpaka Uholanzi na Uingereza kuomba msaada, na huko akaona jinsi Wakristo walivyowahudumia maskini, wagonjwa na wafungwa. Mwaka 1833 alimpokea mwanamke aliyetoka gerezani, akampa makao katika kibanda cha bustani yake.

Mwaka 1836 yeye na mkewe Friederike walifungua hospitali iliyokuwa pia shule ya mashemasi wa kike. Wa kwanza kuja alikuwa Gertrud Reichardt, binti wa daktari, naye alikuta viti vibovu na vitanda vilivyoliwa na wadudu. Wanawake hao hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, mavazi na matunzo. Lakini hawakuachwa waende kwa huruma yao tu. Kwanza walijaribiwa kwa muda, wakafundishwa kuuguza, kulea watoto na kuwatembelea maskini, nao wakatumika chini ya uangalizi.

Mwaka 1851 Florence Nightingale wa Uingereza alikaa Kaiserswerth yapata miezi mitatu ili ajifunze. Baadaye aliusifu sana moyo wa kujitoa aliouona pale, wala hakuficha kwamba usafi na uuguzi wenyewe ulikuwa dhaifu. Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa London, katika hospitali ya St Thomas'.

Huduma ya namna hiyo ilifika hata Afrika ya Mashariki. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, makao yaliyofunguliwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani yaligeuka baadaye kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mashemasi waliofunzwa Bethel, Ujerumani, walitumika humo.

Na sisi je? Yatupasa kukiri kosa letu. Mara ngapi tumejaa nyumbani kwa mfiwa, tukasema maneno mengi, na baada ya maziko asirudi hata mmoja? Mara ngapi siri ya mgonjwa, tuliyoambiwa kitandani pake, imesikika sokoni kabla ya jua kutua? Hatukukusudia ubaya, hatukufundishwa. Lakini aliyeumizwa na mtu mwema ameumia vilevile.

Kwa hiyo twawaomba wazee watufikirie. Kabla hatujamtuma mtu kwa jina letu kwenda kwa mjane, mgonjwa au mfungwa, na achaguliwe kwa tabia yake. Na afundishwe kusikiliza kuliko kusema, kutunza siri, kunawa mikono kabla ya kumshika mgonjwa, na kutambua wakati wa kumpeleka kwa daktari. Tena awe na mzee mmoja wa kumwendea, asibebe peke yake mzigo wa aliyoyaona. Na zamu ya kurudi kwa mfiwa iandikwe kama michango inavyoandikwa.

Wahenga walinena, mkono mmoja haulei mwana. Moyo mwema ni mkono mmoja. Mafunzo ni wa pili.